Kompyuta Ikianza Kulia: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Watu wa Tabaka

Tabaka huishi kwa jiwe. Huku Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, jiwe sabuni huchimbwa kwa mtaimbo na sururu, hukatwa kwa msumeno, huchongwa kwa panga na kisu, kisha hupigwa msasa mpaka likang'aa. Kazi za mikono ya hapa zimefika mbali. Mchongaji Elkana Ong'esa ni wa Tabaka, na sanamu yake ya Ndege wa Amani iko katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Siku hizi biashara hiyo hupitia kwenye kompyuta: picha za vinyago, bei, oda za wanunuzi wa ng'ambo, ankara, hesabu za kikundi. Mara nyingi ni kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, na imewekwa hatua chache tu kutoka mahali jiwe linapokatwa.

Hapo ndipo taabu inapoanzia. Jiwe letu si gumu. Unga wake ni laini na mwepesi, hukaa hewani muda mrefu, na feni ya kompyuta huuvuta ndani kutwa nzima. Siku moja mashine huanza kuvuma, kukwaruza, kugonga au kulia. Wengi huongeza sauti ya redio wakaendelea na kazi. Wengine huita fundi wa kwanza wanayemwona. Yote mawili ni makosa.

Sauti ngeni ni onyo, na kila onyo lina mahali linapotoka. Ukipajua mahali hapo mapema, huenda ukatumia brashi na robo saa tu. Ukipuuza, utapoteza kazi ya miaka. Yafuatayo yafuatwe kwa mpangilio wake.

MAMBO YA KUFANYA

1. Nakili kazi yako kabla ya kutafuta chochote.
Hili ni la kwanza, na halina mjadala. Mashine ikianza kutoa sauti usiyoijua na bado inafanya kazi, chomeka flashi au diski ya nje na unakili vitu usivyoweza kuvipata tena: orodha ya wateja, picha za kazi zilizokwisha kuuzwa, ankara, hesabu za chama. Programu husakinishwa upya. Picha ya kinyago kilichokwenda Ujerumani mwaka juzi haitapigwa tena. Ukishamaliza, fungua faili mbili tatu kwenye diski hiyo uhakikishe zinasomeka. Kama mashine inagonga, anza na faili zilizo muhimu kabisa, maana huenda usipate nafasi ya kumaliza zote.

2. Sikiliza, kisha uandike.
Chukua karatasi. Andika sauti ilianza lini, hutokea mashine inapowashwa au baada ya saa nzima, hukoma yenyewe au haikomi, huongezeka unapofungua picha nyingi au hubaki vile vile. Rekodi kwa simu kama unaweza. Fundi mwenye maelezo haya hufika kwenye tatizo upesi. Fundi anayeambiwa "inapiga kelele tu" hulazimika kubahatisha, na gharama ya kubahatisha huilipa wewe.

3. Ondoa kwanza vyanzo vilivyo nje ya mashine.
Sauti nyingi zinazosingiziwa kompyuta hazitoki ndani yake. Simu iliyowekwa karibu na spika hufanya spika zitoe "trrr, trrr" muda mfupi kabla ya kupigiwa au kabla ujumbe wa M-Pesa haujaingia. Hayo ni mawimbi ya mtandao wa 2G yanayonaswa na waya za spika. Isogeze simu kisha usikilize tena. UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, nayo hulia stima inapopotea au betri yake inapochoka, na sauti hiyo hutoka chini ya meza, mahali pale pale lilipo kasha la kompyuta. Spika zinazovuma mfululizo hata bila muziki huweza kuwa zimeunganishwa kwenye soketi isiyo na waya wa ardhi. Zizime spika, ondoa simu, ukague UPS. Sauti ikibaki, sasa ingia ndani.

4. Itambue sauti kwa aina yake.
Kila kifaa kina lugha yake, na inafaa kuijua.

Mvumo unaopanda na kushuka ni wa feni. Mashine imepata joto, na feni inazunguka kwa kasi kulipunguza. Hapa Tabaka sababu kuu ni vumbi.

Mkwaruzo wa asubuhi ya baridi, unaopungua mashine ikishapata joto, ni beringi ya feni iliyokauka grisi. Feni hiyo bado inazunguka, ila siku zake zinahesabika.

"Tiktiktik" ya haraka isiyobadilika ni waya unaoguswa na mapanga ya feni. Hutokea sana baada ya mashine kusafirishwa kwa bodaboda.

Mtetemo unaokoma ukiweka kiganja juu ya kasha ni skrubu iliyolegea, au meza isiyosimama sawa.

Mngurumo mfupi unaotokea mashine ikiwashwa tu, kisha ukanyamaza, huenda ni sidii iliyosahauliwa ndani ya kisomeo chake. Itoe.

Mlio mwembamba sana unaobadilika ukisogeza ukurasa kwenye skrini ni wa koili za umeme ndani ya pawa saplai au kadi ya picha. Unakera, lakini kwa kawaida hauleti madhara.

Milio ya "pi" mashine inapowashwa huku skrini ikibaki nyeusi ni madabodi inayoeleza hitilafu. Hesabu milio, utofautishe mirefu na mifupi, na uiandike. Maana yake hutegemea kampuni iliyotengeneza BIOS ya mashine hiyo, kwa hiyo tafuta maelezo ya modeli yako hasa. Mara nyingi ni kipande cha kumbukumbu (RAM) kilichotoka kidogo mahali pake.

Kugonga kwa mapigo yaliyo sawa, "tak... tak... tak", huku mashine ikiganda au ikichelewa kufungua faili, ni diski kuu inayokufa. Hii ndiyo sauti mbaya kuliko zote. Ukiisikia, acha kila kitu urudi kwenye jambo la kwanza.

5. Zima, chomoa, subiri.
Kabla ya kufungua kasha, zima mashine kwa utaratibu, zima swichi ya ukutani na uchomoe waya wa stima. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki upungue. Kisha gusa chuma tupu cha kasha kwa mkono ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vipande vya ndani. Stima yetu ni ya volti 240. Haijali kama wewe ni fundi au mgeni.

6. Fungua ubavu mmoja na uangalie kabla ya kugusa.
Katika mashine iliyokaa karibu na wachongaji, haya ndiyo utakayoyaona. Kitako cha kasha kimetandazwa unga mweupe, au wa waridi kama jiwe linalokatwa ni la waridi. Mapanga ya feni yana ukoko kwenye makali yanayokata hewa, mzito upande mmoja kuliko mwingine, na kwa sababu hiyo feni haizunguki tena kwa mizani, inatikisika. Chini ya feni ya prosesa, kwenye kipoza joto cha aluminiamu, nafasi kati ya bapa moja na jingine zimezibwa na vumbi lililoshikana na nyuzi za nguo na nywele. Hewa haipiti kabisa. Penye ekseli ya feni, unga umechanganyika na grisi ukawa rojo la kijivu. Rojo hilo ndilo linalokwaruza.

Ukitaka kuhakikisha, rudisha waya wa stima, washa mashine ubavu ukiwa wazi, na usikilize kwa mrija wa karatasi ngumu: ncha moja sikioni, nyingine umbali wa vidole vinne kutoka kwa kila kifaa. Sauti itakuwa kubwa pale inapotoka. Nywele ndefu, tai na shanga ziwe zimefungwa. Ukimaliza, zima na uchomoe tena.

7. Safisha kwa brashi, kwa upepo mkavu, na nje ya nyumba.
Toa mashine uani, mbali na karakana, siku isiyo na mvua. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, na upepo mkavu kutoka kwenye kopo au blowa ya umeme. Unapopuliza, zuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, kwa sababu feni inayosukumwa kwa upepo mkali huharibika beringi. Puliza kutoka ndani kwenda nje. Vaa barakoa. Unga wa jiwe ukivutwa kwa miaka huweza kuacha makovu kwenye mapafu, na kasha moja la kompyuta huwa limeukusanya wa miezi mingi.

8. Ikague diski kuu kwa programu.
Diski kuu za kisasa hujiwekea kumbukumbu za afya zao. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzisoma na kukuonyesha hali kwa rangi: buluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ukiona njano, nunua diski nyingine. Usingoje nyekundu. Na buluu nayo isikufanye uache kunakili, kwa kuwa diski nyingine hufa bila kuonya.

9. Badilisha kilichochoka, kwa kipimo chake.
Feni yenye beringi mbovu haifufuki. Pima upana wake, kwa kawaida milimita 80 au 120, hesabu matundu ya plagi yake, na uende Kisii mjini ukiwa nayo mkononi. Ukinunua diski mpya, chukua SSD. Haina kinachozunguka ndani, haitoi sauti, na haiumizwi na mtikisiko wa bodaboda. Mlimbo wa kijivu unaokaa kati ya prosesa na kipoza joto nao hukauka. Kipoza joto kikiondolewa, mlimbo wa zamani ufutwe na mpya upakwe, kidogo tu.

10. Hamisha mashine kutoka penye vumbi.
Haya yote ni bure kama kompyuta itarudi palepale. Iweke chumba kingine chenye mlango unaofungwa. Ikiwa chumba ni kimoja, iweke juu ya meza, kamwe isiwe sakafuni, upande ambao upepo hautoki kwa wakataji. Kazi ya msasa ifanyiwe ndani ya beseni la maji, kama wamama wa Tabaka wanavyofanya tangu zamani, maana unga uliolowa haupandi hewani. Kisha jiwekee ratiba: karibu na jiwe, mashine ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miezi mitatu.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usiipige mashine kofi.
Kofi likinyamazisha feni, limeisogeza tu. Likiipata diski kuu inayozunguka, limeimaliza. Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa umbali usiofika sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele. Mtikisiko mmoja hukiangusha, nacho kikaikwangua data yako.

2. Usifungue diski kuu yenyewe.
Chembe moja ya unga wa jiwe ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi iliyo chini ya kichwa hicho. Diski hufunguliwa katika vyumba maalumu vyenye hewa iliyochujwa. Hakuna karakana ya Tabaka, saiba wala duka la simu lenye chumba kama hicho. Anayekuambia "tuifungue tuone" hajui anachokisema. Wala usiitie kwenye friji kwa sababu umesikia kwamba baridi huitibu. Inapotoka huko huingia unyevu, na unyevu huharibu kilichobaki.

3. Usiwashe na kuzima tena na tena diski inayogonga.
Kila jaribio hulipunguza tumaini. Kama imekataa kunakili na ndani yake kuna kazi isiyo na mbadala, ichomoe, ifunge vizuri, na uitafutie mtaalamu wa kuokoa data. Usiendeshe chkdsk wala programu nyingine ya "kurekebisha diski" juu ya diski inayokufa. Programu hiyo huilazimisha kusoma na kuandika kila pembe, na wakati huo ndio unaohitaji kuutumia kunakili.

4. Usifungue pawa saplai.
Ndani yake mna kapasita zinazoshikilia zaidi ya volti 300, na huweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Feni ya pawa saplai ikikwaruza, safisha kwa upepo kupitia matundu ya nje. Ikiendelea, au ukisikia harufu ya kuungua, badilisha pawa saplai nzima. Uhai wa mtu haulingani na bei yake.

5. Usitumie kompresa ya kujazia matairi.
Upepo wa pale barabarani ni mkali mno, na hutoka na matone ya maji na mafuta. Maji hayo yakikutana na unga wa jiwe juu ya madabodi hufanya tope linalokauka katikati ya miguu ya vipande vya umeme. Umekwenda kusafisha, ukarudi umekanda udongo.

6. Usimimine mafuta ya kupikia kwenye feni.
Wala ya nywele, wala mafuta ya taa. Feni itanyamaza siku mbili tatu, na katika siku hizo mafuta yatakuwa yakishika vumbi jipya. Ukoko utakaofuata ni mbaya kuliko ule wa kwanza.

7. Usizuie feni kwa kidole, na usiwashe mashine bila feni ya prosesa.
Ukitaka kujua kama feni ya kasha ndiyo yenye sauti, zima mashine, chomoa plagi ya feni hiyo moja, washa kwa dakika moja usikilize, kisha zima na uirudishe. Ya prosesa usiiguse kwa jaribio hili. Prosesa isiyopozwa hupanda joto kwa muda mfupi sana, na nyingi hujizima zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Usiitegemee kinga hiyo kama mchezo.

8. Usifunike mashine inayofanya kazi.
Kitambaa cha sebuleni, gunia, mfuko wa plastiki: vyote huzuia vumbi na pia huzuia hewa. Funika mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Kabla ya kuiwasha, ondoa kifuniko chote, na uende ukakung'ute nje.

9. Usikubali kuwekewa Windows upya kama dawa ya kila ugonjwa.
Feni iliyojaa vumbi haiponi kwa kubadilishiwa programu. Lakini zoezi hilo hufuta picha na hesabu zako kama hukunakili. Mwambie fundi, kwa heshima na bila kuyumba: nionyeshe kinacholia kwanza. Asiyeweza kukuonyesha hajakipata. Na kipande anachosema amekitoa, akukabidhi mkononi.

10. Usichanganye waya wa kompyuta na mashine za kukatia.
Grainda au msumeno wa umeme unapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa ghafla, na volti hushuka katika ekstensheni nzima. Pawa saplai huumia kidogo kidogo kila mara, na UPS hulia kila mara. Kompyuta iwe na soketi yake yenye waya wa ardhi.

11. Usiache mashine imechomekwa radi ikianza.
Kisii ni kati ya sehemu za Kenya ambako radi hupiga sana, na mvua zetu za alasiri huja nayo. Kuzima peke yake hakutoshi. Chomoa waya wa stima, na waya wa intaneti kama upo, kabla mvua haijafika. Ukishaanza kusikia ngurumo juu ya paa, kaa mbali na soketi.

NENO LA MWISHO

Mwenye karakana, mama unayeandika hesabu za kikundi, kijana unayepiga picha za vinyago na kuzituma ng'ambo: sauti ya kompyuta isikutishe, wala usiizoee. Kuizoea ndiko kunakogharimu. Feni iliyoziba husafishwa asubuhi moja. Diski iliyokufa ikiwa na orodha yote ya wateja inaweza kuirudisha biashara nyuma mwaka mzima, na mteja aliyekosa jibu la barua pepe yake hununua kwingine.

Unga unaoiziba feni ya kompyuta ni ule ule mnaouvuta ninyi, watoto wenu na wazee wenu mkikaa chumba hicho hicho. Mashine ina feni inayolalamika mapema. Mapafu hulalamika yakiwa yamechelewa. Hivyo basi, siku mnayotenga chumba cha kompyuta, tengeni pia mahali pa kukatia jiwe palipo wazi kwa upepo, na mnunulie kila mkataji barakoa. Na leo, kabla ya kufunga kazi, nakili faili zako kwenye diski ya nje na uiweke nyumbani, mbali na karakana.